Zawadi ya Profesa kwa Bi Ukoga

Profesa aliweka kipande cha jiwe juu ya meza, akakipangusa vumbi kwa pindo la koti, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe: akampa mtu kazi yake bure.

"Ni yako," alisema. "Itangaze wewe."

Mwanamke aliyeketi upande wa pili wa meza hakugusa kitu. Zamani alikuwa mwanafunzi wake. Sasa alikuwa daktari wa mimea, tena msimamizi wa chumba hiki chenye makabati ya chuma yaliyojaa sampuli kavu, na kichwani mvi zimeshaanza. Profesa bado alimwita Bi Ukoga, jina alilompachika darasani, eti kwa sababu hana akili ila anajua kung'ang'ania. Naye alimdharau Profesa kwa moyo wote, ila kwa adabu.

Juu ya jiwe ilikuwepo kuvumwani, yaani kuvu na mwani walioungana wakaishi kama kiumbe kimoja, gamba lililoshika mwambani. Wapandaji wengi huipita wakidhani ni uchafu. Hii ilikuwa ya rangi ya chungwa kali, ukingo umejikunja vizuri kama lesi.

"Nimeitoa kileleni, penye jua," Profesa alisema. "Makabati nimeshayapekua, hakuna ya rangi hii. Wenzako huwa wanaishia kwenye maegesho ya magari."

"Sasa Mwalimu, mbona usiitangaze mwenyewe?"

Profesa akacheka kwa pua. Alijua kwamba mwanamke huyu anaijua sababu.

Katika fani yao mtu hajipi jina. Anayeita aina mpya kwa jina lake mwenyewe huchekwa mpaka anazikwa. Ni lazima mwingine akutunuku. Na kwa miaka yote aliyopanda milima, hakuna aliyemtunuku Profesa hata ukungu wa mkate. Dereva wa idara alikuwa na aina yenye jina lake. Mpishi wa kambi alikuwa na yake. Mkurugenzi, ambaye hata ngazi za ofisini zilimpa kizunguzungu, alikuwa na tatu, zote kutoka kwa Profesa, kila moja miezi michache kabla ya kupandishwa cheo.

Hawakumtunuku kwa sababu hawakumpenda, na wala hapana haja ya kupamba maneno. Mtu huyu alikuwa na starehe moja, kufuta majina ya wenzake. Kanuni yao inasema aina moja ikipewa majina mawili, linasimama lililochapishwa kwanza, la pili linakufa. Profesa aliijua kanuni hiyo kama mchinjaji anavyojua kisu chake. Ukitangaza aina mpya, yeye anashinda makabatini akitafuta jina la zamani, na akilipata anakuja kulisoma mkutanoni, wewe umekaa mstari wa mbele na mama yako mzazi. Bi Ukoga alifutiwa mawili namna hiyo. "Hongera, umegundua kabati," Profesa alimwambia, na ukumbi mzima ukacheka, maana alikuwa bosi wao.

Sasa alikuwa anastaafu, na alitaka jina kama mtoto anavyotaka peremende.

"Sikwambii uiite nani," alisema akitazama dirishani. "Mtu mwenye shukrani anajua mwenyewe."

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Natumaini. Wewe kuelewa huwa kunachukua muda."

Bi Ukoga akaliinua jiwe, akalisogeza kwenye lenzi iliyoning'inia shingoni. "Na kivulini, chini ya miamba? Hukuiona huko?"

"Nimekwambia kileleni, juani! Kivulini mna takataka za kijivu tu, nimezikanyaga nikipita. Ndiyo maana hujafika popote, unauliza habari za kivulini."

"Basi nitapanda nikaangalie."

"Kwa magoti hayo? Panda, mama. Ukifika utujulishe." Akatoka bila kufunga mlango.

Alipanda. Magoti yalimtesa njia nzima, na njia nzima alimtukana Profesa kwa sauti, kwa kuwa mlimani hapakuwa na wa kumsikia.

Siku ya kumuaga, ukumbi wa idara ulijaa. Mke wa Profesa alikuwa amevaa gauni jipya la rangi ya chungwa, na alikuwa ameshawaambia mashemeji wote. Ukutani nyumbani kwao palikuwa pameshatobolewa tundu la kutundikia kibao cha shaba. Keki ilipokatwa, Bi Ukoga alimsogelea mzee.

"Mwalimu, tuongee pembeni kidogo."

"Pembeni kuna nini?" Profesa alishika kipaza sauti. "Ndugu zangu, Bi Ukoga wetu ana tangazo. Msimcheke, mnajua ni mwoga. Haya, sema! Sema hapa hapa, kila mtu asikie."

Akamsukumia kipaza sauti kifuani. Mkurugenzi aliacha kutafuna.

"Niliiandika kwa jina lako, Mwalimu," alisema. "Sikukudhulumu. Lakini nilipopanda, nikakuta ile ya juani na yale matakataka ya kijivu ya kivulini ni aina moja. Nimeifuata mwambani kutoka kivulini mpaka juani, ni gamba lile lile, jua tu ndilo linaloipa rangi. Na ile ya kijivu ilishapewa jina zamani."

Mke wa Profesa alikuwa bado anatabasamu, hajaelewa.

"Ilipewa na mjinga gani?" Profesa alifoka. "Mtaje! Nimtafute!"

"Ni wewe, Mwalimu, nilipokuwa mwaka wa kwanza. Uliandika kwamba haina sura wala faida, ndiyo maana ukaipa jina langu."