Theluji ya Korongo

Palikuwa na Korongo mwenye mdomo mrefu, na maneno yake yalikuwa marefu kuliko mdomo. Kila mwaka alikuja kutoka Ulaya, akafikia kwa Mama Kanga, akasimama uani kwa mguu mmoja na kuanza kusimulia.

"Krismasi gani hii isiyo na theluji? Kwetu siku hiyo mapaa yote huwa meupe."

Mwaka huo vifaranga wa Kanga walimsikiliza mpaka wakasusa chakula. Mama yao alikuwa amekaanga kumbikumbi tangu alfajiri, lakini wao walilia wakitaka theluji.

Mama Kanga alikuwa mpole, tena mpenda kujua mambo. "Kaka Korongo," akasema, "nielekeze basi niwaandalie watoto kama kwenu. Siku yenyewe mnakula nini?"

Korongo akaanza kuchambua manyoya yake kwa mdomo.

"Mnaimba nini? Mnaanza kumtembelea nani?"

"Sijui," Korongo akajibu kwa sauti ndogo. "Theluji ikikaribia tu, mimi nakimbilia huku. Ile baridi siiwezi."

"Kumbe Krismasi ya theluji hujawahi kuiona?"

"Hata moja."

"Na zako zote umezilia wapi?"

Korongo akautazama mkeka uliotandikwa, na sahani ya jirani iliyofunikwa kwa jani la mgomba. "Hapa kwako."

"Basi kwenu ni hapa," Mama Kanga akasema, akimsogezea chakula. "Shusha huo mguu, ule. Kumbikumbi wanapoa."

Korongo akashusha mguu wake wa pili, ambao miaka yote hiyo ulikuwa haujawahi kugusa ua wa Mama Kanga.