Maji ya Kunywa ya Nyuki

"Nilipulizia dawa jioni, nyuki wamelala, kama ulivyoniomba," alisema Ernesta, mikono kiunoni. "Sasa mbona unanitangaza kijiji kizima cha Heru Juu?"

"Kama si wewe, ni nani?" alijibu mzee jirani yake. "Tangu mje na dawa zenu za maharage, mizinga yangu imekufa mmoja mmoja. Leo ni wa mwisho."

Akatua mbele yake dumu lililokatwa katikati. Nyuki walitanda juu ya maji kama pumba.

"Hata haya maji niliyowawekea kiangazi hiki, wamefia humo humo."

Majirani waliojaa uani kwa Ernesta wakaguna. Umbea wa wiki ulikuwa umepatikana.

Ernesta alilitazama dumu. Ubavuni palibaki kipande cha karatasi chenye fuvu jekundu, alama ya sumu. Dumu lilikuwa la dawa yake, alikuwa amelitupa jalalani mwenyewe.

"Dumu hili uliliosha, baba?" aliuliza taratibu.

"Kwa majivu na sabuni," mzee alisema kwa fahari. "Nyuki hawapendi uchafu."

Ernesta, aliyejua sumu ile haitoki kwa sabuni, aliwatazama watu, akamtazama mzee.

"Basi ni mimi nimewaua," alisema. "Ingia ndani, baba, ugali unapoa."