Mchoro wa Nasra

Siku hizi kila nyumba Dodoma hunywa maji ya samaki wake. Maji hupitia tangi la kioo sebuleni, perege wakala mwani, na utando wa kijani ukizidi, bomba hujifunga lenyewe.

La kina Zamda lilijifunga leo. Mumewe, Mbaraka, akawachungulia perege walivyonenepa, wamejilalia chini hawana habari.

"Mama Nasra, bado unawapa mchicha?"

Zamda akalibana fungu la mchicha mkononi.

"Samaki aliyeshiba hagusi mwani. Waache washinde na njaa, utaona kioo kitakavyong'aa."

Zamda alilijua hilo. Ndiyo maana aliwashibisha. Wiki moja kabla homa haijamchukua, binti yao Nasra alipanda kigoda, akatumbukiza mkono, akachora kwa kidole kwenye ule mwani mtu mwenye kichwa kikubwa. "Huyu mama," alisema. Tangu hapo, kila mwani ulipotaka kuziba mistari, Zamda aliingiza mkono akaipitia upya.

Mbaraka akamtoa mchicha mkononi, taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Mke wangu, mimi pia namlilia. Lakini hebu itazame hiyo mistari."

Zamda akatumbukiza kidole, akakilaza juu ya mstari. Kilienea barabara. Cha Nasra kilikuwa chembamba kama njiti ya kiberiti.

Kesho yake perege mmoja alishindwa kuvumilia njaa. Akapanda kioo, akaanza na kile kichwa kikubwa.