Kikohozi cha Mzee Asukile

Mzee Asukile alikohoa mara mbili nyuma ya hema la jikoni. Hapo hapo Subilaga akaliachia shuka jeupe la mgeni likaanguka vumbini, akakimbilia kwenye matete ya mtoni.

Paskalina aliliokota shuka, akalikung'uta. Hakushtuka. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wageni na kuwasimamia wafanyakazi katika kambi ile ya kando ya Mto Ruaha, mbali na Iringa mjini, na kikohozi cha namna ile alikijua. Marehemu mumewe kule Kalenga alikuwa akikohoa hivyo mlangoni kabla ya kuingia. Tangu enzi hizo sikio la kushoto la Paskalina lilikuwa halisikii.

Asukile alitokea na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Aliliweka juu ya jiwe karibu na kamba ya kuanikia nguo, akarudi jikoni bila kugeuka. Ndipo Subilaga akatoka, akachukua chakula chake.

"Mzee, kikohozi chako kitatufukuzia tembo," alisema Liberatus, dereva, akiwa chini ya gari. "Wageni wametoka Ulaya kuja kuwaona."

"Anayetakiwa kusikia amesikia," Asukile alijibu, akaendelea kukanda unga wa mkate.

Mzee na Subilaga walifika pamoja kutoka Mbeya mwanzoni mwa kiangazi kile cha mwaka 1976. Mzee alikaa mbele na dereva wa lori, mwanamke nyuma juu ya magunia ya mchele wa Ubaruku, amejifunika kanga hadi machoni. "Huyu ni mtu wa nyumbani kwangu," mzee alisema. "Mpeni kazi, ana watoto." Paskalina aliona mzee na mke mdogo. Hakuuliza. Mambo ya ndani ya watu hayaulizwi mbele ya magunia.

Wiki ile walikuwepo akina mama watano wa Kizungu, wote wenye mvi. Hawakuwinda, walitazama tu, na kabla ya kumpiga mtu picha walimwomba ruhusa. Walilala kwenye mashuka yaliyopigwa pasi, wakaletewa maji ya moto ya kuoga mlangoni mwa hema. Kila asubuhi walimpa mkono kila mfanyakazi na kumwita kwa jina lake. Mkubwa wao, Mama Birgit, aliwahi kuwa muuguzi. Alisema waliichagua kambi ile kwa sababu waliambiwa hakuna anayeonewa pale.

Mchana Subilaga alikuja na jeraha juu ya jicho.

"Nilianguka," alisema.

"Wapi?"

"Kwenye mawe. Nilisikia anakuja, nikakimbia."

Paskalina alimsafisha kwa maji ya chumvi. "Anakupiga?"

"Nani, dada?"

"Mzee."

Subilaga aliziba mdomo kwa kanga. "Hata siku moja! Usiseme hivyo, dada. Nakuomba, usirudie."

Paskalina aliendelea kusafisha. Maneno hayo hayo yeye mwenyewe aliwahi kumwambia padri kule Kalenga.

Jioni, kwenye kiti chake cha turubai, Mama Birgit aliweka kikombe chini. Jeraha alikwisha kuliona.

"Yule mpishi ni mumewe?"

"Ndiyo," Paskalina alisema.

"Anampiga?"

Wale akina mama watano walimtazama. Akisema ndiyo, mzee anapoteza kazi. Akisema hapana, Subilaga anaendelea kukimbilia matete mpaka siku atakapokosa pa kukimbilia. Paskalina alikumbuka majirani zake wa Kalenga, jinsi walivyokuwa wakisikia na kuendelea kutwanga.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ile ile ya kusema chai iko tayari.

"Basi hatuwezi kula mkate wa mikono ile," alisema Mama Birgit taratibu. "Mwanamke abaki."

Asubuhi Paskalina alimkuta mzee anachochea jiko.

"Funga mzigo wako, mzee. Liberatus atakupeleka stendi ya Iringa."

Asukile aliweka kijiti chini. "Nimekosa nini?"

"Unalijua mwenyewe."

Mzee alifikiri. "Ni mkate? Wa jana uliungua kidogo chini."

Paskalina alitafuta huruma moyoni mwake, hakuiona. Alitafuta hasira, nayo hakuiona.

"Subilaga naye anaondoka?"

"Anabaki."

"Basi vizuri," mzee alisema. "Ana mikono mizuri. Msimfukuze."

Alibeba mzigo wake kuelekea kwenye gari. Njia ilipita kando ya kamba ya nguo, na kabla ya kufika alisimama akakohoa mara mbili. Mashuka yalitikisika, Subilaga alikuwa amekwisha kukimbia. Mzee alisubiri kidogo, kisha akapita ameinamisha kichwa. Mama Birgit aliyaona yote akiwa mbele ya hema lake. Alimgusa Paskalina begani.

Gari lilipopotea vumbini, Paskalina aliteremka mtoni. Subilaga alikuwa amechuchumaa kwenye matete, kanga usoni.

"Toka, mdogo wangu. Ameondoka moja kwa moja. Hatakupiga tena."

Subilaga aliiteremsha kanga polepole, akamtazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Nani anipige, dada? Yule ni baba wa marehemu mume wangu. Kwetu mwanamke hamwoni mkwewe. Ndiyo maana yeye hukohoa, nipate nafasi ya kujificha. Tangu niolewe ananilisha, na sura yake siijui. Mmempeleka wapi?"