Mkato wa Msumeno

Birika la kahawa lilikuwa likitokota jikoni kabla hakujapambazuka. Lyle alijikokota kutoka kwenye kochi, amwambie bibi yake kwamba albamu ya mwisho ya bendi yake haikununuliwa, na kwamba bendi yenyewe imevunjika.

Lakini albamu yenyewe ilikuwa mezani, kando ya siagi.

"Nimeiokota dukani, kwenye kapu la mlangoni," alisema bibi. "Nywele gani hizo, mume wangu? Kinyozi alikukosea nini?"

Lyle alipapasa pembe ya kasha. Ilikuwa imekatwa kwa msumeno. Ndivyo kampuni inavyozitia alama albamu zilizododa, ziuzwe kwa bei ya kutupa.

"Huo mkato nimeuona," alisema bibi, akimmiminia kahawa. "Marehemu babu yako alikuwa akichanja hivyo magogo bora kule kiwanda cha mbao, yasichanganyike na mengine. Kumbe na nyinyi mmechaguliwa!"

Lyle alifungua mdomo. Bibi alikwisha kumsogezea mkate uliopakwa siagi mpaka ukingoni, kama alivyoupenda utotoni.

"Ndiyo, Bibi," alisema. "Tumechaguliwa."

"Basi Jumapili uje tena. Uje na wenzako wote, niwapikie."