Dirisha la Kiwandani

Mkono wa Rumyana ulivunjika akifungua dirisha la kiwanda tunamoshona. Daktari hakuamini, akamkazia macho mume wa Rumyana.

"Dada, dirisha halivunji mkono. Nani kakupiga?"

Mume akainama. Hata mimi niliyewasindikiza nikaanza kumshuku.

"Hajanigusa. Ni ule upepo wa dirishani ndio ulioudhoofisha. Ndiyo maana huwa hatulifungui, usije ukatuingia mifupani."

"Jua mnaliona lini, basi?"

"Jumapili, nikianika nguo."

Daktari akaugeuza mkono wake usiovunjika. Vidole viwili vilikuwa vya manjano kwa moshi wa sigara.

"Asubuhi umekula nini?"

"Kahawa."

"Na jana?"

Daktari akaitazama tena picha ya eksirei.

"Mfupa wa bibi kizee huu." Akamwacha mume, akanigeukia. "Na wewe, mdogo wangu?"

Nikavificha vidole vyangu mifukoni.