Kiti cha Mgeni

Profesa Rahabu alikuwa akimenya viazi jikoni kwake Mtae simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

“Shikamoo, Profesa. Chama cha wanahisabati kitakutunuku nishani Dodoma, kwa utafiti wako na kwa miaka yote uliyotulea. Tukuwekee viti vingapi vya wageni?”

Rahabu alilitazama ganda refu la kiazi likining'inia kwenye kisu. Mumewe, msomaji wa kwanza wa kila alichoandika, alizikwa Machi. Hawakujaliwa watoto.

“Marahaba, mwanangu,” alisema. “Kimoja.”

Akafuta mikono, akavuka ua hadi kwa jirani ambaye kwa miaka mitatu hakuzungumza naye zaidi ya salamu.

“Hodi,” aliita. “Jirani, umewahi kufika Dodoma?”